Aliyeumwa na Nyoka Amelegea, Lakini Anasikia

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo wakulima wa Bonde la Kilombero wamelishuhudia kwa macho, lakini sababu yake wengi hatukupata kuelezwa. Mtu ameumwa na nyoka. Mguu haukuvimba sana. Damu haikutoka nyingi. Lakini baada ya muda kope za macho zinashuka, kama za mtu mwenye usingizi. Ulimi unakuwa mzito. Shingo haisimami. Halafu pumzi inakuwa fupi, na fupi zaidi, mpaka inakoma. Nyoka ameuma mguu. Mbona mtu amekufa kwa kukosa pumzi?

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Katindiuka, pale Ifakara, amekwenda shambani kuvuna mpunga. Ni jioni. Anafunga miganda yake ya mwisho karibu na kichuguu, mara anahisi kitu kimemchoma kwenye kifundo cha mguu. Anamwona nyoka mrefu, rangi ya udongo, amesimama na kutanua shingo. Ni fira. Watu wanakuja mbio. Mmoja anafunga kamba juu ya goti, mwingine anachanja chale kwa wembe. Wanasubiri. Usiku mama hafungui macho, hasemi, hageuki. Ndugu wamekaa kichwani pake wanalia. Mmoja anauliza kwa sauti nani atawalea watoto. Mwingine anasema, huyu amekwisha kufa, tutafute sanda.

Kumbe yule mama anasikia yote. Akili yake ni nzima. Moyo wake unapiga. Anataka kusema, lakini ulimi haukubali. Anataka kufungua macho, lakini kope hazikubali. Ili tufahamu jambo hili linakuwaje, kwanza tuone msuli unavyopata amri ya kufanya kazi.

AMRI HUVUKA MTO

Ukitaka kuinua jembe, ubongo hutoa amri. Amri hiyo hupita katika mishipa ya fahamu, ambayo wataalamu huiita neva. Neva ni kama waya mwembamba sana. Amri hukimbia ndani yake kutoka kichwani, hushuka katika uti wa mgongo, mpaka mkononi. Kwa kufumba na kufumbua imekwisha fika.

Lakini kuna ajabu moja. Neva haiugusi msuli. Ikifika mwisho wake, mbele yake kuna pengo. Pengo hilo ni dogo mno. Ukiweza kuikata milimita moja vipande 20,000, upana wa pengo ni kama kipande kimoja tu. Hata hivyo ni pengo, na amri haiwezi kuruka. Lazima ivushwe.

Watu wa Ifakara na Ulanga wanajua maana ya kuvushwa. Kabla ya daraja la mto Kilombero kufunguliwa mwaka 2018, mtu wa kwenda Ulanga alifika ukingoni akangoja pantoni. Barabara ilikuwapo huku, barabara ilikuwapo kule, lakini katikati ni maji. Ndivyo ilivyo baina ya neva na msuli, ila huko mwilini daraja halijajengwa mpaka leo.

Basi, amri ikifika mwisho wa neva, neva humwaga kitu fulani ndani ya pengo. Kitu hicho kinaitwa asetilikolini. Ni jina refu, usihofu. Hapa sisi tutakiita mjumbe. Wajumbe huvuka kwa maelfu na maelfu. Ng'ambo ya pili, juu ya ukuta wa msuli, kuna milango midogo kwa mamilioni. Kila mlango una kufuli zake mbili, na wajumbe wawili wakishika kufuli hizo kwa pamoja, mlango hufunguka. Chumvi iliyomo katika maji ya mwili huingia ndani kwa kasi, na msuli hukaza. Jembe limeinuka. Milango hii wataalamu huiita vipokezi, kwa sababu ndiyo inayopokea ujumbe.

Sasa, kama wajumbe wangebaki pale mlangoni, mkono wako ungebaki umekaza tu. Kwa hiyo yupo mfanyakazi mwingine, tumwite mfagiaji. Kazi yake ni kuwakatakata wajumbe mara wanapomaliza kazi. Mfagiaji mmoja huweza kuondoa wajumbe maelfu kwa sekunde moja. Pengo husafishwa, milango hufungwa, msuli hupumzika, na amri nyingine huweza kuja. Yote hayo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Habari hii haikujulikana siku zote. Zamani wataalamu walibishana, wengine wakisema amri huruka kama cheche ya umeme. Mwaka 1921 mtaalamu Otto Loewi, huko Austria, alichukua mioyo miwili ya vyura. Wanasimulia kwamba jaribio hilo alilipata ndotoni usiku. Aliusisimua mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza, moyo ukapunguza mapigo. Halafu akayachukua maji yaliyouzunguka moyo ule akayamimina kwenye moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukapunguza mapigo, wala hakuna aliyeugusa mshipa wake! Basi ikaonekana kwamba mshipa humwaga kitu. Mwenzake Henry Dale wa Uingereza alifuatilia jambo hilo hata kwenye misuli ya mikono na miguu, na wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

SUMU INAVYOZIBA MILANGO

Tumrudie fira. Sumu yake ina vipande vidogo vyenye umbo linaloingia sawasawa kwenye kufuli ya mlango wa msuli. Vinaingia, vinashika, lakini havifungui. Ni kama mtu amechomeka kijiti ndani ya tundu la kufuli na kukivunjia humo. Mwenye ufunguo akija, ufunguo hauingii. Mjumbe anavuka kama kawaida, anabisha, mlango hauitiki. Ubongo umetoa amri. Neva imepeleka amri. Msuli wenyewe ni mzima, una nguvu zake zote. Tatizo liko pale mlangoni tu.

Sumu hiyo haikai mguuni. Inachukuliwa na maji ya mwili na damu, inatembea mwili mzima. Misuli midogo ya macho na uso huonyesha dalili kwanza. Ndiyo maana kope hushuka, na mgonjwa huona kitu kimoja kama viwili. Kisha koo na ulimi: anashindwa kumeza, udenda unamtoka, maneno hayaeleweki. Kisha shingo. Mwisho ni misuli ya mbavu na kile kiwambo kilicho chini ya mapafu. Mapafu hayana nguvu ya kujivuta yenyewe. Yanavutwa na misuli hiyo. Misuli ikilegea, hewa haiingii, na mtu hufa.

Moyo je? Moyo hauhitaji amri ya neva kwa kila pigo. Unajipiga wenyewe, na milango yake si ya aina ile ambayo sumu ya fira huiziba. Kwa hiyo moyo unaendelea mpaka hewa itakapokwisha kabisa katika damu. Na ubongo pia: vipande vile vya sumu haviingii ndani ya ubongo kwa urahisi. Hivyo mgonjwa halali. Amefungwa ndani ya mwili wake kama mtu aliyefungiwa chumbani.

Hayo si maneno ya kubuni. Mwaka 1947 ilichapishwa habari ya daktari mmoja wa Marekani, Scott Smith, aliyejitolea mwili wake. Alichomwa dawa iliyotokana na sumu ambayo wawindaji wa misitu ya Amerika ya Kusini hupaka kwenye mishale. Sumu hiyo nayo huziba milango ya misuli. Wenzake walimpa dawa nyingi kupita ile inayotosha kusimamisha pumzi, huku wakimsukumia hewa kwa mikono. Akalegea kabisa, hakuweza kutikisa hata kope. Dawa ilipokwisha nguvu akaamka na kueleza kila kitu kilichosemwa na kutendwa chumbani. Alisikia yote. Hakuwa amelala hata kidogo. Sisi tulipoisoma habari hiyo tuliwakumbuka wagonjwa wetu wangapi ambao pengine walisikia wakiliwa matanga.

NYEGERE, NGUCHIRO NA WAWINDAJI WA KAGERA

Hapa tupumzike kidogo, kwa kuwa kuna jambo zuri la kusimulia.

Wazee wanajua kwamba nguchiro hupigana na nyoka na kumla. Nyegere naye ni mla nyoka. Wengine husema wana dawa ya majani wanayoitafuna porini. Wataalamu walipoichunguza milango ya misuli ya nguchiro, walikuta kufuli zake ni tofauti kidogo na zetu, mahali pale pale ambapo sumu hushika. Mjumbe wake huingia bila shida, lakini sumu ya fira hailishiki tundu vizuri. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani walieleza kwamba nyegere naye ana badiliko katika mahali hapo hapo, na hata nguruwe. Na fira mwenyewe kufuli zake ni za namna hiyo. Asingekuwa hivyo angejiua kwa sumu yake. Lakini usidhani ukila nyama ya nyegere utapata milango yake. Milango ni ya kuzaliwa nayo.

Kwetu Tanzania, upande wa mto Kagera, wawindaji wa Kinyambo walitengeneza sumu ya mishale kutokana na mti ambao wataalamu huuita Strychnos usambarensis. Sumu hiyo ililegeza misuli ya mnyama, akaanguka, pumzi ikakoma. Ajabu ni kwamba nyama yake waliila bila kudhurika. Sumu za namna hii hudhuru zikiingia katika damu. Zikipitia tumboni hazina nguvu hiyo. Kwa hiyo wazee wale walikuwa wakiifahamu milango ya misuli kwa kazi zake, ingawa hawakuipa jina la kitaalamu.

Hata hivyo mtu asije akanyonya jeraha la nyoka kwa kudhani kwamba mdomoni ni salama. Kidonda kidogo cha ufizi chatosha kuipitisha sumu, na tena kunyonya hakutoi sumu ya maana kutoka mwilini kwa mgonjwa.

SI KILA NYOKA HUZIBA MILANGO

Hapa watu wengi huchanganya. Nyoka wenye sumu si wa namna moja.

Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, ni mnene, mvivu, hulala njiani. Sumu yake haizibi milango ya misuli. Yeye huharibu nyama na damu. Mguu huvimba sana, huuma vibaya, malengelenge hutoka. Swila mtema mate naye, ingawa ni ndugu wa fira na hutanua shingo vilevile, kwa kawaida jeraha lake huozesha nyama kuliko kulegeza. Akikutemea machoni, osha mara moja kwa maji mengi, tena kwa muda mrefu. Majina haya hubadilika toka kijiji hata kijiji: anayeitwa swila hapa, pengine kule anaitwa fira. Kwa hiyo tusigombee jina, tutazame dalili za mgonjwa.

Koboko ni mwingine. Sumu yake ni mchanganyiko. Ndani yake kuna vipande vinavyoziba milango kama vya fira, na kuna vingine vinavyoichokoza neva imwage wajumbe kupita kiasi. Kwa hiyo aliyeumwa na koboko anaweza kuona misuli yake inachezacheza na jasho linamtoka, kabla ya kulegea. Tena koboko ni mwepesi. Mgonjwa anaweza kuzidiwa kabla ya saa moja kwisha. Fira mara nyingi huchukua saa kadhaa. Mganga wa zahanati akisikia kwamba kope zimeanza kushuka saa ngapi, amepata habari kubwa kuliko kuletewa nyoka aliyekufa.

DAWA YA WADUDU HUPITA KWENYE PENGO LILE LILE

Sasa tuseme juu ya jambo la pili, kwa sababu ni la nyumbani kwetu kuliko hata nyoka. Dawa nyingi za kupulizia mboga na mazao ni za jamii iitwayo oganofosfeti. Zilichunguzwa sana Ujerumani katika miaka ya 1930 na mtaalamu Gerhard Schrader, aliyekuwa akitafuta dawa ya kuua wadudu. Zilipoonekana ni kali mno kwa binadamu, jeshi likazichukua baadhi yake kuwa silaha. Udugu huo tusiusahau tunapolijaza bomba la kupulizia.

Dawa hizo hazizibi milango. Zinamfunga mikono yule mfagiaji. Wajumbe wanavuka, wanafungua, lakini hakuna wa kuwaondoa. Wanazidi kujaa. Milango inafunguliwa bila kupumzika. Msuli unachezacheza, unatetemeka, mwisho unachoka na kunyamaza. Mtu naye hulegea na kukosa pumzi, kama yule wa fira, ingawa amefika huko kwa njia ya kinyume.

Tofauti utaiona. Aliyepatwa na dawa ya wadudu mwili wote unalowa. Jasho, machozi, udenda, kutapika, kuharisha, kifua kinajaa maji. Mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano. Hii ni kwa sababu mjumbe huyu huyu anafanya kazi pia kwenye tezi za jasho na mate, na kwenye tumbo na kifua. Milango ya huko ni ya aina nyingine. Hospitali humpa mgonjwa atropini, ambayo hufunga milango hiyo na kukausha kifua. Lakini atropini haiigusi milango ya misuli, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuhitaji kusaidiwa pumzi.

Mtu wa namna hii mvueni nguo zote zilizopata dawa, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, hata nywele, na nyie wenyewe mjikinge mikono. Msimnyweshe maziwa wala kumtapisha. Maziwa hayamrudishi mfagiaji kazini, na kutapika kunaweza kuipeleka dawa kwenye mapafu. Chukueni chupa ya dawa au karatasi yake, mwende nayo. Mganga atasoma jina. Hii ni faida moja ya kusoma: kabla ya kununua dawa, soma mwenyewe kama imeandikwa oganofosfeti au kabameti, maana kabameti nayo humfunga mfagiaji, ingawa kwa muda mfupi zaidi.

Na hapa kuna jambo la kushangaza. Hospitali ina dawa iitwayo neostigmini. Nayo humzuia mfagiaji, lakini kidogo tu na kwa kipimo. Aliyeumwa na fira akipewa dawa hiyo pamoja na atropini, wajumbe wake huongezeka pengoni, wakashindana na sumu kugombea kufuli, na pengine kope zikainuka. Yaani njia ile ile inayomuua mkulima bombani, mikononi mwa daktari inaweza kumsaidia aliyeumwa. Tusisikie mtu akisema, basi aliyeumwa na nyoka anyweshwe dawa ya wadudu! Huko ni kumuua mara mbili.

KAMBA, WEMBE NA JIWE

Haya, turudi kwa mama yetu wa Katindiuka. Walimfunga kamba. Je, ilisaidia?

Kamba iliyokazwa sana huzuia damu. Mguu unaweza kufa na kukatwa, hata kama nyoka mwenyewe hakuwa na sumu kali. Kama kamba imekwisha fungwa kwa nguvu, msiifungue njiani kwa ghafla. Ifunguliwe mbele ya mganga, maana sumu iliyokuwa imezuiwa inaweza kumwagika kwa pamoja. Wembe huleta kidonda na kutoa damu bure. Sumu imekwisha pita. Jiwe jeusi la nyoka hung'ang'ania jeraha kwa sababu lina vitundu vinavyonyonya unyevu. Halijui kufuli wala milango. Tunafahamu kwamba wako waliowekewa jiwe wakapona. Wapo, ndiyo. Mara nyingi nyoka huuma bila kutoa sumu, au nyoka mwenyewe hana sumu, na jiwe likapata sifa isiyo yake.

Jambo kubwa ni muda. Kila saa inayopotea kwa chale ni kufuli nyingine zimezibwa. Mlazeni mgonjwa, asitembee, maana misuli inayotembea inasukuma sumu. Mvueni bangili, pete na kikuku. Mfungieni ubao au fimbo kandokando ya mguu ili usikunjike. Mbebeni kwa machela, kitanda au baiskeli. Kama ni bodaboda, mgonjwa akae katikati, na mtu mwenye nguvu nyuma yake amshike, kwa sababu akilegea njiani hawezi kujishika. Akianza kutapika au kutokwa na udenda, alazwe kwa ubavu ili asipaliwe. Asipewe kitu cha kunywa. Tumekwisha sema, koo lake halimezi.

Na pumzi ikikoma njiani, msiseme amekufa. Shika shingo chini ya taya, usikilize mapigo. Mpulizieni hewa mdomo kwa mdomo, mkiziba pua yake, muone kifua kinainuka. Mpokezane. Hospitali ina mfuko wa kusukumia hewa au mashine. Aliyelegea kwa sumu ya fira akisukumiwa hewa mfululizo, hata kwa siku kadhaa, anaweza kuamka na kwenda kwake mzima, kwa sababu misuli yake haikuharibika. Sumu huachia polepole, na mwili hutengeneza milango mipya. Magonjwa mengi ya kulegea hayana heri hiyo.

Ipo dawa ya kupinga sumu yenyewe. Katika miaka ya 1890 daktari Mfaransa Albert Calmette ndiye aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuitengeneza. Alikuwa Saigon, nchi ya mpunga kama Kilombero, na mwaka 1891 mafuriko yaliwatoa fira mashimoni wakaingia kijijini na kuuma watu wengi. Wakulima wa kwetu wanaijua hali hiyo wakati mto Lumemo unapofurika na nyoka wanatafuta mahali pakavu pamoja na sisi. Mpaka leo dawa hutengenezwa kwa njia ile ile: farasi huchomwa sumu kidogo kidogo, mwili wake unatengeneza askari wa kuikamata, na askari hao hutolewa katika damu yake. Askari wakichomwa kwa mgonjwa huikamata sumu ambayo bado inatembea. Ile iliyokwisha ingia kwenye kufuli ni vigumu zaidi kuitoa. Ndiyo sababu dawa ya saa mbili ni bora kuliko dawa ya kesho asubuhi.

Lakini dawa hiyo ni ghali, nyingine lazima ikae baridi, na si kila zahanati inayo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Linakadiria kwamba kila mwaka hufa kati ya watu 81,000 na 138,000 duniani. Wengi wao ni watu wa jembe. Kwetu sisi tunaona kwamba neno "yaliyosahauliwa" ni la haki. Mtu wa mjini haumwi na fira akifunga miganda.

Kwa hiyo kabla ya kuhamia shamba kwenye dungu, serikali ya kijiji iulize mambo matatu na kuyaandika ubaoni: dawa ya nyoka iko zahanati au hospitali gani, nani ana pikipiki usiku, na nani amefundishwa kupuliza pumzi. Wa Ifakara wako karibu na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, lakini wale walio mbali ndani ya bonde wanahitaji kupanga mapema njia wakati wa masika.

Na aliyelegea asemeshwe. Mwiteni kwa jina lake. Mwambieni pikipiki imefika, tunavuka daraja, watoto wako kwa shangazi yao wamekula. Pengine kidole cha mguu au cha mkono bado kinaweza kujikunja kidogo wakati kope zimekwisha funga. Mwambieni: mama, kama unatusikia, kunja kidole. Kisha mkitazame kidole hicho kwa subira.